Tuchukulie waya hauna ukinzani

Gari yangu ilizimika Konde, hapa Pemba, mbele ya nyumba ya bibi harusi, baada ya isha, na watu wamejaa uwanjani. Haikuzimika kwa heshima. Kwanza besi ilianza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Kisha redio ikawa inajizima na kujiwasha yenyewe. Kisha taa za mbele zikageuka rangi ya embe bivu, injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza, na uwanja mzima ukageuka kututazama. Nikageuza ufunguo: tk-tk-tk-tk.

Corolla 110 yangu ni otomatiki, kwa hiyo hata ile dawa ya vijana kumi kuisukuma haikuwapo. Bwana harusi, ambaye ni binamu yangu, alikuwa kiti cha nyuma na joho lake, jasho linamtoka, kwa sababu vioo ni vya umeme na vilikwama vikiwa vimefungwa. Tulikuwa tumesimama pale kama dakika arobaini tukingoja ndani watengenee, injini inaunguruma, AC inapuliza, taa zinawaka ili wapiga picha waone, na muziki juu kabisa. Dereva mmoja wa daladala aliyekuja na wageni ndiye aliyekuwa na waya za kubusti. Wakati anafunga vibanio, mzee mmoja akanijia taratibu, akanishika bega.

"Mwalimu," akasema, "gari yako imeimba mpaka imekata roho."

Jumatatu nilipoingia darasani nikakuta maneno yale yameshafika Wete, ninakofundisha, kabla yangu.

Sasa aibu yenyewe haipo kwenye gari kuzimika. Gari huzimika. Aibu ni kwamba mimi nafundisha fizikia. Mwaka ule ulikuwa wa tisa nasimama mbele ya kidato cha tatu na chaki, nachora betri, nachora balbu, naunganisha kwa mistari iliyonyooka, na kabla ya kuanza hesabu nasema lile neno ambalo kila mwalimu wa fizikia hulisema: "Tuchukulie waya hauna ukinzani." Yaani hauuzuii umeme hata kidogo. Nimelisema mara ngapi sijui. Wallahi hata siku moja sikufikiri kwamba kuna siku nitalipa.

Mwanzo wake ni karafuu. Tuna mikarafuu ya babu upande wa Mtambwe, na msimu ule ilizaa vizuri. Tulichuma, tukachambua, tukaanika, tukauza, ndugu tukagawana, na fungu langu likaniwasha mkononi. Wakati ule daraja la kwanza lilikuwa likinunuliwa kwa shilingi 14,000 kilo, na mimi tokea utoto nimezoea kupima kila kitu kwa kilo za karafuu kavu, kwa sababu najua kilo moja ni juani kwa siku ngapi na mgongo kuuma kiasi gani. Basi: sabufa mbili za inchi 12, kilo ishirini. Amplifaya ya sabufa, kilo ishirini na mbili. Amplifaya ndogo ya spika za milangoni, kilo kumi. Boksi nilichongewa na seremala wa jirani kwa mbao za plaiwudi, akanipunguzia kwa sababu namsomeshea mtoto. Na waya? Waya ulikuja ndani ya pakiti moja na fyuzi yake, kilo tatu tu, mwekundu, unene wake wa kupendeza. Nikafurahi nimepata rahisi.

Tazama uwiano huo. Kilo hamsini na mbili kwenye vitu vya kula umeme, kilo tatu kwenye kitu cha kuuleta.

Fundi aliyenifungia simtaji, na kusema kweli hakufanya tofauti na wengine wengi. Alipitisha waya kutoka kwenye betri hadi kwenye buti, akaubana waya mweusi kwenye bolti ya mkanda wa kiti, akawasha, buti likatetemeka, tukapeana mikono. Usiku taa za mbele zilikuwa zinafifia na kurudi kila besi inapopiga. Vijana wa mtaani walipenda. "Mwalimu, taa zinacheza ngoma!" Na mimi nikacheka nao, nikaona ni pambo. Hata twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ya mlango wa kushoto ilipoungua wiki ya tatu, niliilaumu twita.

Baada ya Konde nilifanya kosa la pili, na hili ndilo linalonikera zaidi kwa sababu nilikuwa na siku nyingi za kufikiri. Rafiki yangu mmoja aliniambia dawa ya taa kufifia ni kapasita, kifaa kinachoweka akiba ndogo ya umeme na kuitoa ghafla. Nikamwagiza mtu Unguja, ikaja na meli hadi Mkoani: jidude la duara, linang'aa, lina namba za buluu zinazoonyesha volti, limeandikwa faradi 1. Kilo sita za karafuu. Nikalifunga. Taa zikaendelea kucheza, ila sasa nilikuwa na namba za buluu za kutazama zikishuka.

Ndipo nikakaa na karatasi. Nishati iliyomo kwenye kapasita ni nusu ya faradi mara volti kwa kipeo cha pili. Faradi moja ikishuka kutoka volti 14 hadi 11 inatoa juli 37 na nusu. Amplifaya inayovuta wati 1000 inazimaliza hizo kwa sehemu nne za mia za sekunde. Kufumba jicho ni kirefu kuliko hivyo. Na ikishamaliza, nani anaijaza? Oltaneta, mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari, ile ile iliyoshindwa mwanzo. Kapasita ile sasa iko kwenye maabara ya skuli, inatumika kwa mafunzo, na kila mwaka kuna mtoto mmoja lazima aulize imetoka wapi.

Jumamosi moja nikaichukua maltimita ya maabara, nikaazima kwa rafiki yangu mfungaji wa sola mita ya kubana inayopima mkondo wa betri, na mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, mtoto mwenye macho makali na mdomo mkali zaidi, akajitolea kukaa ndani ya buti kunisomea namba. Tuliiweka gari kwenye kiwanja cha skuli. Sikuweka wimbo, kwa sababu wimbo unapanda na kushuka na mita haitulii. Niliweka mlio mmoja wa hezi 50, ule unaotoka "muuuu" bila kupumua, kama dume la mchezo wa ng'ombe lililofungwa karibu na dirisha. Walinzi wa skuli walikuja kuuliza kama kuna mtu anaumwa.

Kwenye betri: volti 12.7. Nikapiga kelele, "Huko?"

"Kumi nukta nne, mwalimu."

"Soma tena."

"Kumi nukta nne. Na waya una moto."

Volti 2.3 zimepotea njiani, baina ya boneti na buti. Nikamwambia aweke ncha moja ya mita kwenye chanya ya amplifaya, na mimi kwa waya mrefu nikaileta ncha ya pili kwenye chanya ya betri. Hapo mita inasoma kilichopotea kwenye waya mwekundu peke yake: 1.4. Tukafanya vivyo hivyo upande wa hasi: 0.9. Mita ya kubana ikasoma ampea 85. Zidisha mwenyewe: ampea 85 mara volti 2.3 ni wati 195. Nilikuwa nabeba balbu mbili za wati 100 ndani ya zulia la gari, zinawaka joto bila mwanga, na kuzilipia petroli.

Mtoto akatoa kichwa nje ya buti. "Lakini mwalimu, si ulisema tuchukulie waya hauna ukinzani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Ila ndiyo swali bora nililowahi kuulizwa, na jibu lake nalitumia darasani mpaka leo. Tunasema vile kwa sababu ya balbu. Balbu ndogo ya maabara inavuta mkondo mdogo, waya ukiila volti kidogo haionekani. Birika la wati 1000 nyumbani, kwa volti 230, linavuta ampea 4 na kidogo, ndiyo maana waya wake mwembamba. Wati 1000 zile zile kwa volti 13 za gari ni ampea 77. Umeme wa Pemba nzima unatoka Tanga kwa kebo iliyopita chini ya bahari tokea 2010, na ulipangiwa kubeba megawati 20. Kwa kuwa wameupandisha hadi volti 33,000, kila mmoja wa nyaya zake tatu unabeba takriban ampea 350 tu ukiwa umejaa. Kisiwa kizima, ampea 350. Mimi na sabufa zangu, nikijumlisha fyuzi za amplifaya zote mbili, nilikuwa nataka hadi 130, kwa waya wa kilo tatu.

Na hizo fyuzi ndizo za kutazama unaponunua, si maandishi ya boksi. Boksi la amplifaya yangu limeandikwa wati 3000 kwa herufi za dhahabu. Ubavuni ina fyuzi mbili za 40. Ampea 80 kwa volti 13.8 ni wati 1,100 zinazoingia, na amplifaya ya aina yake, inayoitwa daraja la D, inapoteza kama sehemu moja katika tano, kwa hiyo zinazotoka hazifiki 900. Hamna sehemu nyingine za kutokea hizo elfu mbili zilizobaki.

Nikaung'oa ule waya mwekundu. Nikauchuna kwa kisu, na kumbe ule unene niliopenda ni mpira. Ndani shaba ilikuwa nyembamba, tena nilipoikwaruza kwa tupa ikatoka nyeupe. Alumini, imepakwa shaba juu kama meno ya dhahabu ya bandia. Alumini iliyopakwa shaba ina ukinzani kama mara moja na nusu ya shaba yenyewe kwa unene ule ule.

Lakini hilo si lililonitisha. Lililonitisha lilikuwa pale waya unapopenya ukuta baina ya injini na miguu ya dereva. Fundi alitoboa tundu, akaupitisha mtupu, bila raba. Bati la tundu lilikuwa limeula mpira mwekundu polepole, kila gari inapotikisika, na nilipoushika nikaona alama ya urefu wa punje ya mchele ambapo shaba ilikuwa inachungulia nje, na pembeni yake doa jeusi. Ilishagusa bati. Mara moja, labda mbili. Na fyuzi iko wapi? Fyuzi ameifunga nyuma, karibu na amplifaya, kwa sababu huko kuna nafasi. Fyuzi ya nyuma hailindi chochote kilicho mbele yake. Kama waya ule ungekaa kwenye bati, betri nzima ingejimimina pale pale kwenye zulia, chini ya miguu yangu, na fyuzi ingekuwa nyuma imelala salama. Nilikaa kwenye kizingiti cha nyumba na kile kipande cha waya mkononi muda mrefu, nikawaza safari zote nilizowapeleka watoto skuli.

Fyuzi inalinda waya, hailindi amplifaya. Inafungwa mbele, karibu na betri kadiri inavyowezekana, isizidi kama nusu mita. Yangu sasa iko sentimita 30 kutoka kwenye betri, ya ampea 150.

Waya mpya sikuununua kwenye duka la redio. Nilinunua kebo ya mashine ya kuchomelea vyuma, shaba tupu, milimita za mraba 50, ile laini inayopindika kama kamba ya mashua. Mita moja ni kilo mbili za karafuu. Nilihitaji mita tano za kwenda nyuma, na mita tatu nyingine za kazi ambayo wengi hawaifanyi, nami pia nilikuwa siijui.

Kazi hiyo ni nyaya tatu fupi za mbele. Wa kwanza unatoka kwenye oltaneta kwenda chanya ya betri, nao unawekewa fyuzi yake. Wa pili, hasi ya betri kwenda kwenye bodi ya gari. Wa tatu, injini yenyewe kwenda kwenye bodi. Zile za kiwandani zipo na sikuzitoa, ila zilipimwa kwa taa, redio ndogo na stata. Hazikupimwa kwa mwalimu mwenye fungu la karafuu. Huo wa oltaneta wa asili ulikuwa mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho.

Na hapa niseme kuhusu ethi, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ubaoni huwa naichora kwa mistari mitatu inayopungua, chini kabisa ya mchoro, na naendelea na mambo mengine. Watoto wanaielewa kama mahali umeme unapokwenda kupotea. Haupotei popote. Kila ampea iliyokwenda nyuma lazima irudi, na barabara yake ya kurudi ni bati la gari. Zile volti 0.9 nilizopima upande wa hasi zilikuwa zinatokana na bolti moja ya mkanda wa kiti. Nilipoifungua nikakuta lagi, kile kichwa cha chuma cha ncha ya waya, imekaa juu ya rangi. Rangi safi, ya kiwandani, inang'aa. Umeme wote ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bolti, na nyuzi zenyewe zina kutu.

Nilichagua mahali pengine kwenye sakafu ya buti, nikapiga msasa duara la ukubwa wa sarafu mpaka bati likawa jeupe kama sahani. Nikatoboa, nikatia bolti, washa yenye meno, lagi, nati. Nikakaza mpaka meno ya washa yakaingia kwenye bati. Halafu nikapaka grisi juu yake. Baada ya kukaza, si kabla. Mtu wa kwanza kunisaidia alitaka kupaka grisi kwanza, tukabishana kidogo. Hapa kwetu ukiacha bati jeupe wazi usiku mmoja, asubuhi limeshaota kutu. Bahari iko kila upande, na hewa ya Wete ukiilamba ina chumvi.

Lagi za kebo nene haziwezi kubanwa kwa koleo ya kawaida. Nilijaribu kwa nyundo, nikavuta, kebo ikatoka kama jino la maziwa. Nikaenda kumwona fundi mmoja wa umeme mwenye mashine ya kubana ya haidroliki, akanibania kumi kwa bei ya soda mbili na maneno mengi. Alipoona gari akauliza, "Hii ni ya kuchomelea, mwalimu, au ya kusikilizia?" Juu ya kila lagi tukavisha mpira ule unaosinyaa ukipigwa moto, ili chumvi isipate mlango.

Oltaneta ilikuwa hadithi yake. Ya asili imeandikwa ampea 80. Nilipoipima injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, na imeshapata moto, haikuvuka 42. Na gari yenyewe usiku, taa, feni ya AC, feni ya rejeta, pampu ya mafuta, injini, ilikula 38. Basi pale Konde muziki wangu uliachiwa ampea 4, na uliobaki wote ulitoka kwenye betri iliyoingia mwaka wa tatu. Hamna siri. Namba ile iliyoandikwa kwenye oltaneta ni ya injini inayokimbia, na sisi tulikuwa tumesimama.

Fundi wa Chake akanishawishi aisuke upya kwa waya mnene. Akaisuka, ikaenda vizuri wiki tatu, kisha dayodi, vile vipande vya ndani vinavyougeuza umeme wake uweze kuchaji betri, zikaungua, kwa sababu alinenepesha waya akaziacha dayodi zile zile. Nikarudi kwenye akili, nikaagiza oltaneta nzima iliyotumika, ya ampea 130, kilo ishirini na nne, ikabidi kuchongewa mkono mpya wa kuifungia. Siku mbili za kwanza mkanda ulikuwa unalia kama paka kila nikiwasha AC. Ulitaka kukazwa tu. Betri nikaweka ya ampea-saa 70, ikae mbele pale pale. Watu wananiambia niongeze ya pili nyuma ndani ya buti. Betri ya maji ya kawaida inatoa gesi inapochajiwa, na buti limeungana na viti vya watoto. Siku nikipata hela ya ile iliyozibwa nitafikiri.

Kulikuwa pia na mluzi kwenye spika uliopanda na kushuka pamoja na injini, nyembamba, wa kuudhi, kama mbu. Nyaya za sauti zilikuwa zinasafiri bega kwa bega na waya wa umeme. Nikazihamishia ubavu wa pili wa gari, na redio nikaipa ethi yake safi. Mluzi ukaondoka. Hilo lilichukua saa moja na halikugharimu kitu.

Jumamosi nyingine tukarudi kiwanjani, mimi na mtoto wangu wa kidato cha tatu, sasa yuko cha nne. Mlio ule ule wa hezi 50. Injini imetiwa moto kidogo, si silensa. Mbele: 13.7.

"Huko?"

Akakaa kimya kidogo. "Kumi na tatu nukta nne." Kisha akaongeza, "Waya umepoa."

Kutoka volti 10.4 hadi 13.4 si jambo dogo. Nguvu inafuata volti kwa kipeo cha pili, kwa hiyo kwa amplifaya kama yangu ni kama asilimia 66 zaidi, bila kununua spika hata moja. Lakini nisiwadanganye: sikio halisikii asilimia 66. Kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, ni mbili na ushei, mtu wa pembeni hatashtuka. Kinachobadilika ni usafi. Amplifaya iliyobanwa volti inakata vichwa vya mawimbi, na hivyo vichwa vilivyokatwa ndivyo vinavyounguza twita. Yule marehemu wa mlango wa kushoto nilimsingizia bure. Ningekuwa naanza leo, ningenunua nyaya na oltaneta kwanza, nikabaki na sabufa moja, na ile ya pili ningeingojea msimu mwingine wa karafuu.

Binamu yangu ameshapata watoto wawili na bado ananikumbusha vile vioo.

Juzi nilimpeleka mama Chake. Hapendi kelele, kwa hiyo huwa nazima. Siku hiyo alikuwa na furaha zake, akaniambia nimuwekee taarabu ya zamani, ile ya fidla na ganuni. Nikaweka, sauti ya chini tu, tunateremka na kupanda vilima, yeye ametulia anatazama mikarafuu. Baada ya kitambo akaniuliza:

"Hicho kinachopiga dum, dum, huko chini, ni nini?"

Nikamwambia ni lile fidla kubwa kabisa, linalosimama kama mtu, mpigaji analikumbatia.

"Aaa!" Akageuka kunitazama. "Mimi namwona kwenye televisheni miaka yote. Karedio kangu hakajawahi kunitolea sauti yake. Mimi nikidhani yule bwana anajifanya tu anapiga."

Akacheka peke yake mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akanionyesha kwa kidole nipunguze, tulikuwa tunafika msikitini.